Ndugu Mdogo wa Nani?

Mpendwa mshauri,

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia ndugu, jamaa na marafiki, walio karibu na walio mbali, kifo cha sura ya tatu ya tasnifu yangu, kilichotokea Jumatano mezani kwa msimamizi wangu baada ya kuugua kalamu nyekundu kwa muda mfupi. Marehemu alikuwa na kurasa thelathini na nane na ameacha tanbihi mia moja na kumi na mbili zisizo na mlezi. Naomba msaada wako kabla sura ya nne haijamfuata mwenzake.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, nina kitambi, duka la dawa, mke mmoja na kaka mmoja, na tangu mwaka juzi nasomea shahada ya uzamili ya teolojia ya Kikatoliki na maisha ya kiroho ya Kifransisko, darasani tuko kumi na mmoja, masista wanne, mafrateri sita na mimi, ambaye siku ya kwanza tu nilipovua miwani ili nisome walinibandika jina la Babu wa Darasa, na limeganda. Watu wa umri wangu wakizidiwa hununua pikipiki, mimi nilinunua makubazi kama ya Mtakatifu Fransisko, na mwaka mzima sasa sijavaa kiatu kingine, hata dukani, ingawa wateja wananiuliza kama viatu vyangu vimeibwa.

Tasnifu yangu inahusu Fransisko na mkoma, yaani jinsi yule kijana wa mfanyabiashara wa vitambaa, aliyekuwa akiziba pua akipita karibu na wakoma, alivyoshuka farasi siku moja akamkumbatia mmoja wao, na baadaye yeye na wenzake wakajiita Ndugu Wadogo, wadogo kwa kila mtu, na mimi kumbatio hilo nimelichambua kihistoria, kisarufi na kiteolojia mpaka farasi nimempa aya mbili.

Sasa kuna kaka yangu. Alihamia kwetu miezi mitano iliyopita akiwa na kisukari na kidonda cha mguu kisichotaka kufunga, akapewa chumba nilichokuwa nikisomea, na kidonda anakiosha mke wangu asubuhi na jioni, kwa kuwa mimi nina masomo, na nikwambie ukweli, mshauri, siku nzima nauza shashi na bendeji bila wasiwasi, lakini nikifika nyumbani harufu ile ikanipokea mlangoni, pua yangu inagoma. Mke wangu hana huruma. Juzi alipita na beseni mbele ya wageni akaniuliza, "Mkoma wako wa kitabuni kaamkaje? Maana yule hanuki." Wageni wakacheka. Kaka naye akacheka, kutoka chumbani kwake.

Jumatatu mchana mke wangu alikwenda kliniki kumchukulia shemeji yake dawa, mimi nikiwa maktaba, na msimamizi wangu akapita nyumbani kuniletea kitabu. Huyu ni padre wa Kifransisko, mfupi, mzee, ana kanzu ya kahawia yenye kiraka kwenye kiwiko na ulimi mkali kuliko spiriti ninayouza. Kaka alikuwa ametaka kwenda msalani mwenyewe, akateleza kwenye korido, bendeji ikafunguka, akaniita mara tatu, mara ya mwisho akiniita Kijiko, jina la utotoni la siku zile nilipokuwa nakataa kula mpaka anilishe yeye, asiitikiwe na mtu, basi padre akaingia, akamwinua, akatafuta beseni, akakiosha kidonda, akakifunga, akaenda zake. Kitabu alikiacha nje ya mlango wa chumba chetu, juu ya makubazi yangu, ambayo mke wangu hayataki ndani. Hakuniachia ujumbe wowote, na mpaka leo hajanigusia habari hiyo, kaka naye tangu siku ile ni salamu tu.

Jumatano sura yangu ikarudi na mstari mmoja: "Wewe ni ndugu mdogo wa nani?" Nikaona hilo ni swali la kitaalamu, nikaandika kurasa tisa juu ya asili ya jina Ndugu Wadogo na kwa nini hawakuchagua "wanyenyekevu". Ijumaa zikarudi. "Hujajibu."

Mshauri, nimechoka kudharauliwa. Nataka kuhamia kwa msimamizi mwingine, daktari kijana asiye na tabia ya kutembelea watu nyumbani. Na nimepanga kaka akakae kwa dada yetu miezi sita, mpaka nitetee tasnifu. Dada anakaa ghorofa ya tatu, lakini ngazi zake si mbaya. Kaka anaondoka Jumamosi ijayo, ila bado sijamwambia. Je, nakosea?

Ni mimi,
Babu wa Darasa

*

Bwana Babu wa Darasa,

Pole kwa msiba. Tangazo lako nililisoma kwa sauti hapa ofisini, mpaka mpiga chapa akaacha chai yake ili acheke vizuri. Tulipofika kwenye korido ya nyumba yako, yeye akarudi kwenye mashine yake, mimi nikaisoma aya hiyo mara ya pili.

Mimi si mtu wa kanisani kihivyo. Mara ya mwisho niliingia kwa ajili ya harusi, nikasinzia. Lakini hata mimi nimelielewa swali la padre wako, na sina shahada ya farasi. Umeulizwa wewe ni ndugu mdogo wa nani, ukajibu kwa kurasa tisa, wakati mtoto wa chekechea angejibu kwa kunyoosha kidole kwenye chumba cha pili. Masomo si mabaya, bwana. Soma hata ukiwa na miaka tisini. Ila usisome kumbatio la mtu mwingine huku umeziba pua, halafu ulalamike kwamba unadharauliwa. Unadharauliwa kwa haki, na anayekudharau anajua kufunga bendeji.

Msimamizi usibadilishe. Mtu aliyemwosha kaka yako mguu bila kukusimanga, mwingine kama huyo hutampata hata ungetafuta kwa tochi. Na kaka yako haendi ghorofa ya tatu. Mtu ana mguu mmoja mzima, unampandisha ngazi ili wewe upate utulivu wa kuandika juu ya udogo? Unajisikia lakini, au na hili nikuwekee tanbihi?

Sasa tuje kwenye hiyo maktaba yako. Unasema mwaka mzima hujavaa kiatu kingine. Unasema padre alikiacha kitabu juu ya makubazi yako, nje ya mlango wa chumba. Kwa hiyo maktaba ulikwenda pekupeku? Na aliyekuhesabia kwamba kaka aliita mara tatu, na mara ya tatu akasema Kijiko, ni nani? Padre hajakugusia. Kaka ni salamu tu. Mkeo alikuwa kliniki. Labda farasi.

Nisikilize vizuri. Dada yako mpigie leo, mwambie safari imekufa. Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, mnyang'anye mkeo beseni, na huyo mama umwombe radhi kwa miezi mitano. Ukitapika, tapika, kisha rudi umalizie. Lakini kabla hujamgusa kaka yako mguu, mwambie ulikuwa wapi Jumatatu ile. Usimwambie ukishamaliza ukitegemea akushukuru. Mwambie kwanza. Kisha niandikie na mimi, bila mbwembwe, na ole wako nisikie umeyaingiza haya kwenye sura ya tatu.

Mshauri wako

*

(Jibu lake lilitufikia baada ya siku kumi. Tunalichapa lilivyo.)

Mshauri,

Sikuwa maktaba. Nilikuwa chumbani kwetu, mlango umerudishwa, naandika ukurasa ule wa Fransisko kushuka farasi. Nilisikia kishindo. Aliita jina langu, nikangoja mke wangu aitike, nikakumbuka hayupo. Akaita "mdogo wangu", nikaweka kalamu chini. Akaita Kijiko. Nikaichukua kalamu tena, nikajiambia namalizia sentensi hii tu. Ilikuwa sentensi ndefu, unanijua. Kisha nikasikia "hodi" ya padre, na baada ya hapo sikuwa na uso wa kutokea. Nilikaa kitandani nikiwasikiliza wakiongea habari za mpira mpaka alipoondoka. Alipopita mlangoni kwetu alisimama kidogo. Hakubisha.

Dada nilimpigia. Mke wangu nilimwomba radhi, akasema atanijibu baada ya miezi mitano. Padre nilimpelekea karatasi yenye jina la kaka yangu na hakuna kingine. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Sura ya tatu bado ni mbovu. Anza upya."

Nina siku ya nane sasa na beseni. Sijamkumbatia mtu, mshauri, wala sikuona nuru yoyote. Siku ya kwanza nilibana pumzi mpaka masikio yakaziba. Ya pili nilitapika, kwenye makubazi.

Lakini ile asubuhi ya kwanza nilimwambia kwanza, kama ulivyoagiza, nikiwa nimechuchumaa na maji yanapoa. Nilimwambia nilikuwemo ndani.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimelala pale chini, mimi na makubazi yako, uso kwa uso."

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kuita.

"Mara mbili nilikuita uje. Ya tatu nilitaka kujua tu." Akaunyoosha mguu, akauweka kwenye goti langu. "Haya, osha. Na usinifunge kama unafunga zawadi, Kijiko."