Sufuri ya Walukuba

Walukuba, Jinja
7 Mei 1996

Mdogo wangu Nicanor,

Salamu nyingi. Mimi na watoto tu wazima, mgongo wa mama ndio bado unamsumbua. Wewe na mkeo Norah hamjambo huko Nkoma, Mbale? Haya. Sasa nisikilize, maana nimekasirika.

Jana gari la mradi wenu lilikuja hapa zahanati, wakabeba friji ya chanjo! Eti kompyuta ya Mbale imesema Walukuba hakuna mtoto aliyekufa kwa surua tangu Januari, kwa hiyo friji iende kwingine. Hakuna? Mimi muuguzi nimewaona kwa macho yangu! Si unatujua sisi watu wa Kenya, mtoto hazikwi kwenye nyumba ya kupanga. Mama anamfunga mgongoni kama aliyelala, anapanda basi la Busia, anavuka mpaka, anamzika nyumbani. Wewe ndiye unayekaa mbele ya hiyo mashine. Nani amewaambia hakuna?

Dada yako,
Eucabeth

Mbale
15 Mei 1996

Dada mpendwa,

Barua nimeipata kwa mkono wa Odhiambo, yule dereva wa lori. Sisi hatujambo, Norah anakusalimu. Mpe mama pole.

Lakini dada, usinifokee kama mtoto. Mashine inajua kile ilichoambiwa tu. Fomu zako za miezi minne ninazo hapa mezani. Pale penye "waliokufa" hukuandika kitu! Kalamu iliisha wino? Umenyamaza mwenyewe, halafu unanigombeza mimi.

Mdogo wako,
Nicanor

Walukuba
20 Mei 1996

Nicanor,

Hatujambo. Salamu zinaishia hapo.

Fomu inauliza waliofia zahanati. Hawa walifia majumbani. Ningeandika sufuri mngedhani hakuna aliyekufa, ningekuwa mwongo, ndiyo maana nikapaacha wazi. Tupu si sufuri, bwana! Tupu maana yake sijui ni wangapi, njooni muulize. Sasa niambie, ile sufuri imetoka wapi?

Mtoto wa Afande Ojok, polisi jirani yetu, amelazwa tangu Jumamosi. Vipele mwili mzima, macho hayafunguki. Alikuwa achanjwe wiki ileile mliyobeba friji.

Eucabeth

Mbale
12 Juni 1996

Dada,

Natumaini mu wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu.

Sufuri niliiandika mimi. Mashine haikubali nafasi tupu, inalia tu na haiendi mbele. Fomu zilikuwa mia mbili na bosi wangu, Conrad, alitaka ripoti Ijumaa. Kila palipokuwa tupu nikabonyeza sufuri. Sikufikiria mtoto, nilifikiria Ijumaa. Nisamehe, dada.

Nimemweleza Conrad. Amenitukana, lakini amekubali: nikimpa orodha yenye jina la kila mtoto, umri na tarehe, friji inarudi mwezi huuhuu. Tafadhali pita nyumba kwa nyumba uandike. Mtoto wa Afande anaendeleaje?

Mdogo wako,
Nicanor

Walukuba
18 Juni 1996

Nicanor,

Mama hajambo kidogo, anauliza kama unakula. Mtoto wa Afande Ojok alikufa tarehe mbili. Wamempeleka kwao kaskazini.

Nimezunguka siku tatu. Ni kumi na mmoja, pamoja naye. Jina hata moja sikupewa. Eti watoe majina kwa karatasi iliyosema watoto wao hawakufa? Metrine, aliyezika mapacha, alinifungia mlango, na sikumlaumu. Basi nikawaambia ukweli, kwamba aliyeandika sufuri ni mdogo wangu, tumbo moja. Nilidhani watanipiga. Wakasema sawa, aje mwenyewe.

Kwa hiyo panda gari Jumamosi. Usilete sukari ya rambirambi, na hadithi za mashine ziache hukohuko Mbale. Wanataka hawa watoto waliobaki wachanjwe, kwa hiyo majina watayataja, lakini kwako wewe, usoni, mama mmoja mmoja, na jinsi mtoto alivyokufa. Nitakaa kando yako. Wakilia usiinuke. Wewe andika.

Dada yako,
Eucabeth