Raundi Niliyoimaliza Bani Likiungua

Jumapili, Kwihara. Mawingu yameshuka, na mvua haijaamua.

Nimeandika kwenye blogu hii mara nyingi kwamba michezo ya video ni sanaa, na kwamba wazee wanaoidharau huku wakimaliza alasiri nzima kwenye bao ni wanafiki. Hoja hiyo naipenda. Niliirudia jana asubuhi mbele ya Baba Mdogo, alipokuwa akinikabidhi moto wa bani lake la kukaushia tumbaku.

"Kwenye bao, msomi," alinijibu, "aliyekaa mbele yako akiona moshi atakwambia."

Nilicheka. Alipoondoka, nikajaza magogo tanurini kwa mpigo mmoja ili nisikatizwe. Moto wa bani hulishwa kidogo kidogo. Ukizidi, jani moja likidondokea bomba la moto lipitalo ndani, tumbaku yote huwaka. Nilijua. Nikafungua mchezo kwenye simu.

Nilinusa moshi.

Hapa ndipo ninapoogopa kuandika. Nilinusa, nikaelewa, nikaimaliza raundi. Nilikuwa naelekea kushinda.

Nilipoinua uso, Baba Mdogo alikuwa amerudi na kuvunja mlango, yumo ndani akiyavuta majani nje, na mkewe anapiga yowe: "Baba Neema, toka! Tumbaku tutalima tena, wewe tutakulima wapi?"

Alitoka kwa magoti, nyusi zimeungua, akikohoa. Akanitazama kwa huruma.

"Usingizi hauna adabu, mwanangu. Hata mimi umewahi kunichukua."

Sikumsahihisha.

Siusingizii mchezo, hakuna aliyenishika mkono. Lakini katika makala zangu zote nimechambua picha, muziki na masimulizi, na sijawahi kuuliza mchezaji ana nani nyuma ya mgongo wake anapocheza. Sasa najua kwamba ndani yangu kuna kitu kilichopima ushindi wangu na mali ya mtu, hata uhai wake, kikachagua kabla sijashauriwa. Sijui kimekaa humo tangu lini.

Baada ya chakula cha mchana Baba Mdogo ameniambia bani la pili litawashwa kesho, na moto ni wangu tena. Ananiamini. Hilo linanitisha kuliko moshi.

Namsikia akikohoa barazani. Naenda kumwambia kwamba sikulala, sasa hivi, kabla sijapata hoja ya kunizuia.