Hesabu ya Watoto wa Mama Njeru

Jumatatu, 5 Septemba 1955

Filimbi ya homugadi, mlinzi wa kijiji, imechelewa. Lango la kijiji likachelewa kufunguliwa, watoto wakachelewa kufika, na Sajini ndiye atakayekuja kuniuliza kwa nini. Nimekagua kucha. Nimetoa funza wanne kwa pini, wote katika mguu mmoja wa mtoto mmoja. Kabichi za bustani zimeliwa na mbuzi wa mtu ambaye hakuna anayemjua, eti.

Rejista: arobaini na mmoja. Nimewahesabu kwa rula, mmoja mmoja, kama kila asubuhi. Rula ikiwafikia wanainamisha vichwa kana kwamba nitawachapa. Wawira peke yake hutazama mbele. Yuko darasa la nne. Ni yeye tu anayenifanya nisifunge virago nirudi kwetu Siakago. Mwezi wa kumi na moja atafanya mtihani wa kuingia shule ya bweni. Hakuna msichana wa hapa aliyewahi kuupita. Huyu ataupita, hata kama ni lazima nimbebe mgongoni hadi huko.

Jumatano, 7 Septemba

Mama Njeru amekuja shuleni. Huyu ndiye mama yake Wawira. Alitoka moja kwa moja kwenye kazi ya lazima ya kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, matope hadi magotini, akasimama mlangoni bila salamu.

"Wewe mwalimu, unahesabia nini watoto yetu kama mbuzi? Unataka wafe?"

Mila hii naijua. Hata kwetu Mbeere ipo. Nyanya yangu hakuwahi kutaja idadi ya watoto wake. Ukiulizwa, unasema wapo, au unapunguza mmoja, maana ukimhesabu mtoto unamwonyesha kifo alipo. Nilisoma ili niachane na mambo hayo. Nikamwambia shule huendeshwa kwa hesabu, kama hataki akae na wake nyumbani.

Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Ni kweli. Asiyezaa ndiye anajua kuhesabu."

Mbele ya darasa zima. Chaki ilivunjika mkononi mwangu. Kuna mtoto aliyecheka, sikumwona ni nani, kwa hiyo niliwaadhibu wote. Ninamchukia mwanamke yule.

Ijumaa, 9 Septemba

Leo zamu ya Sajini Nyaga. Mkubwa wa homugadi, mzaliwa wa hapa hapa, ana mtoto darasa la pili. Aliweka bunduki juu ya meza yangu, juu ya madaftari. Nikamwambia aitoe. Aliitoa polepole, akitabasamu, apate kunionyesha kwamba angeweza kutoitoa.

Bwana shauri, Mzungu wa serikali, anakuja wiki ijayo kukagua kijiji. Kila mlango una kadi: majina ya watu wazima, idadi ya watoto. Ziliandikwa mwaka jana, siku watu walipotolewa kwenye mashamba yao na kusukumwa humu ndani ya seng'enge. Sajini anataka orodha ya shule alinganishe. Anasema mimi ni mtu wa kalamu, nimfanyie kazi safi.

Simpendi. Lakini neno lile, kazi safi, lilinipendeza. Niandike ukweli, nani atausoma humu?

Jumatatu, 12 Septemba

Somo la hesabu. Nimechora ubaoni safu mbili. Nyumba. Watoto. Kila mmoja asimame ataje wa kwao.

Darasa la kwanza wamenitazama kama wanaotazama mtu amevua nguo. Mmoja akaanza kulia. Nikachukua fimbo.

Ndipo Wawira akasimama. Sijui kama alitaka kuwaokoa wenzake, au kwake swali la hesabu ni la kujibiwa tu. "Sita," akasema. Akakaa, akatazama nje. Baada yake wengine wakafuata, kwa sauti ndogo.

Nimenakili orodha yote kwa wino mwekundu, jumla chini, mstari kwa rula. Nilipofika nyumba ya Mama Njeru niliikandamiza kalamu hadi karatasi ikakwaruzika. Nikampelekea Sajini mwenyewe, kwa mkono wangu.

Jumatano, 14 Septemba

Wamemkamata Mama Njeru. Kadi ya mlangoni mwake inasema watoto watano. Orodha yangu inasema sita. Sajini anasema aliyeficha mtoto atashindwaje kuficha mwasi wa msituni?

Nilikimbia kwenda kuiangalia orodha ofisini kwake, alikoandika hesabu za kadi kando ya zangu. Nyumba kumi na saba zimepunguza mtoto mmoja mmoja. Kumi na saba! Akina mama wote waliulizwa idadi mwaka jana, wote wakafanya vile ambavyo mama zao wangefanya. Nyumba ya Sajini mwenyewe ni mojawapo. Kadi watatu, mtoto wake alitaja wanne.

Amemkamata mmoja tu. Kwa sababu mume wake yuko kizuizini. Na kwa sababu wiki iliyopita Sajini aliteleza akaanguka handakini, na Mama Njeru alicheka.

Nilijua mila ile. Nilijua kuliko bwana shauri, nilijua kuliko kadi. Na bado nikaandika.

Alhamisi, 15 Septemba

Watoto kumi na tisa tu. Akina mama hupika uji wa shule kwa zamu. Leo hakuna aliyekuja. Sufuria imekaa mbele ya darasa imeinamishwa. Mlangoni kwangu nimekuta mavi ya ng'ombe yamepakwa hadi kwenye komeo. Nimeyaosha. Nikamkuta mwanamke mmoja amesimama ng'ambo akiniangalia nikiosha. Hakuwa na haraka.

Mama Njeru yuko ndani ya ua wa seng'enge chini ya mnara wa walinzi. Kitinda mimba wake, wa mwaka na nusu, hajaachishwa ziwa. Njeru, kaka yao mkubwa, humpeleka pale ananyonya kati ya nyaya. Sajini anasema bwana shauri akimkuta na hatia atapelekwa kambini, mbali, na kitoto kitajua la kufanya.

Wawira alikuja shuleni. Hakuinua mkono hata mara moja. Nilimuuliza saba mara nane akasema hajui.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimemwendea Sajini. Nimemwomba. Mimi, kumwomba yule! Nikamwambia unajua kabisa kwa nini alisema watano, wewe mwenyewe ulisema watatu. Akafuta bunduki yake kwa kitambaa. Akasema hajawahi kusikia mila kama hiyo, labda iko huko kwetu jangwani.

Basi kesho nitasema mbele ya Mzungu.

Jumamosi, 17 Septemba

Niandike yote leo leo.

Bwana shauri alikuja asubuhi. Kijana, pua imebabuka kwa jua. Kijiji chote kimekalishwa chini uwanjani. Mama Njeru amesimama katikati na watoto wake sita wamepangwa mstari, mdogo mgongoni kwa Njeru. Sajini akasoma kadi, akasoma orodha yangu. Niliposikia mwandiko wangu ukisomwa kwa sauti yake nilitaka ardhi inimeze.

Nikasimama bila kuitwa. Nikaeleza mila. Nikasema hakuficha mtu, nyumba kumi na saba ziko hivyo hivyo, ya Sajini pia.

Bwana shauri akamgeukia. "Sajini, watoto yako iko ngapi?"

Sajini jasho likamtoka. Uwanja wote ukamtazama mdomoni, hata mke wake.

"Iko tu, Bwana."

"Iko ngapi?"

"Iko, Bwana. Mungu alisaidia."

Mzungu akacheka. Kwa muda mfupi nikadhani tumepona. Kisha akafunga daftari lake akasema hawezi kufunga kijiji kizima, nyumba zingine zitaandikwa upya pole pole. Lakini hii ni nyumba ya mtu wa kizuizini, na karatasi zake lazima zikubaliane leo. Kadi ni ya serikali. Kama kadi imedanganya, mama alidanganya, anaenda kambini. Kama kadi ni sawa, basi watoto wake ni watano, na mmoja hapa si wake. "Yeye aonyeshe. Gani si yake?"

Mama Njeru hakuonyesha. Alitazama chini. Mikono yake aliificha ndani ya shuka, kama mtu anayeogopa kidole kisije kikanyooka chenyewe. Kitoto kikaanza kulia. Bwana shauri akatazama saa.

Wawira akatoka mstarini. Hatua mbili.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ni mgeni."

Mama yake hakuinua uso. Angeinua tu, kila kitu kingejulikana.

"Mgeni ya nani?"

Nikasikia sauti, ilikuwa yangu. "Ni wangu, Bwana. Mtoto wa ndugu yangu wa Siakago. Nilimwandika nyumba ile kwa makosa."

Sajini alijua. Wote walijua. Sajini alifungua mdomo, akamtazama mke wake, akaufunga. Rejista ikaletwa, maana ni ya watoto wa kijiji hiki tu. Nikalikata jina la Wawira mbele yao, kwa wino mwekundu ule ule. Bwana shauri akauliza kama jina hilo limeandikwa mahali pengine. Nikasema kwenye orodha ya mtihani. Akalikata mwenyewe. Mtoto wa Siakago hufanyia mtihani Siakago, akasema, na huko orodha ilikwishafungwa.

Mama Njeru ameachiliwa. Wawira amekuja kwangu na daftari na shuka moja.

Jumapili, 18 Septemba

Sikwenda kanisani. Wawira alifagia bila kuambiwa, akachota maji, akakaa mlangoni. Halii. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe sijui niielekeze kwa nani. Kwa Sajini, ndiyo. Kwa Mzungu na saa yake. Lakini kila nikizunguka narudi kwenye kalamu niliyoikandamiza.

Nilimuuliza kwa nini alitoka yeye. Akasema ni yeye aliyesema sita.

Nikamwambia mimi ndiye niliyeuliza.

Adhuhuri Mama Njeru alipita akienda mtoni, homugadi nyuma yake. Hakutazama mlango wangu. Alipokwenda nilikuta kibuyu cha uji wa mawele kando ya ua, kimefunikwa kwa jani. Wawira alikunywa wote. Alilamba na jani.

Jumatatu, 19 Septemba

Watoto wamerudi karibu wote. Sufuria imeinuliwa, mama mmoja amekuja kupika. Hakunisalimu. Nimeita majina. Nilipofika penye mstari mwekundu nikapita, na Wawira akiwa amekaa mahali pake pa siku zote, mikono juu ya dawati.

Rula imebaki kwenye droo.

Ijumaa, 7 Oktoba

Wavulana watatu wanajiandaa kwa mtihani. Ni wazito kama magogo. Wawira ndiye anayewafundisha visehemu wakati wa mapumziko, chini ya upenu wa nyasi, kwa kijiti mchangani. Mmoja alimwambia mgeni hana mtihani. Nilimchapa. Nilimchapa kupita kiasi na sijutii.

Sajini ameacha kuja shuleni. Mtoto wake huja. Ana akili, kwa bahati mbaya.

Ndugu zake Wawira hukaa naye dawati moja. Filimbi ya jioni ikilia, wao hushika upande wa kulia, yeye huja kushoto, kwangu. Hawaagani. Watoto hawa wamejifunza jambo ambalo sikuwafundisha mimi.

Jumatatu, 21 Novemba

Leo ulikuwa mtihani. Wavulana waliondoka asubuhi, homugadi mmoja akiwasindikiza. Wawira aliwachongea penseli. Akashinda akimwagilia kabichi, mstari kwa mstari, hata zile zilizokwisha kuliwa.

Walirudi saa tisa na karatasi ya maswali ya hesabu. Nilimpa Wawira. Aliifanyia kizingitini, daftari magotini. Nikasahihisha kwa penseli. Hakukosa hata moja. Nimeiweka ndani ya sanduku, chini ya nguo zangu za kanisani.

Saa kumi homugadi mpya, si wa hapa, alipanga watu foleni mbele ya lango kuandika kadi mpya. Nilisimama na Wawira. Homugadi akaniuliza nyumbani kwangu watoto ni wangapi. Ni mmoja. Neno hilo ningelitaja kwa urahisi mwezi wa tisa.

"Yupo," nikasema.

"Ngapi, mama?"

"Yupo tu."

Akachoka na mimi, akaandika alichoandika. Nyuma yangu alikuwa Mama Njeru. Akaulizwa. Akasema watano. Homugadi akatazama kadi ya zamani, akaona inakubaliana, akatia alama ya vyema.

Tulitembea njia moja hadi inapogawanyika kati ya vibanda. Wawira alikuwa katikati yetu. Mama Njeru aliondoa unyasi kwenye nywele za Wawira, akautupa, kisha akanisalimu.