Motokaa Inayokunywa Maji Kama Ng'ombe wa Maziwa

Bweranyange, Karagwe
9 Juni 1954

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, ila usinifanye mtoto, maana nina miaka sabini na minne kwa hesabu ya Padri aliyenibatiza, na kwa hesabu yangu mwenyewe ni zaidi, na nimeipita sotoka iliyomaliza ng'ombe wa Karagwe nikiwa bado mchunga ndama, nimeipita ndui, nimewapita funza waliokula vidole vya watu, nimewapita Wadachi na vita vyao, nimewapita nzige mara mbili, nimempita mke wangu wa kwanza, na walionicheka ujanani karibu wote nimewazika mimi. Herufi nilijifunza nikiwa na mvi, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu, si wa karani, ukiona mstari unapanda mlima jua ndiyo nchi yetu ilivyo.

Jambo lenyewe ni motokaa. Kule Kyerwa kwenye machimbo ya bati yuko Mzungu mmoja msimamizi wa mashine, sisi humwita Bwana Miwani, mwisho wa mwezi huu anarudi kwao moja kwa moja na anauza motokaa yake, na usifikiri ni kama hizi za kubeba kahawa, hapana, hii ni ya mbio, ya wakubwa, ina viti viwili tu vya ngozi nyekundu, haina paa ila turubai la kukunja, pua yake ni ndefu kuliko mtu aliyelala, magurudumu yana spoki za kung'aa, na imelala chini hata ukisimama kando yake unauona mgongo wote kama unavyouona wa ndama. Anasema iliwahi kushinda mashindano Nairobi. Fedha taslimu mimi sina, mali yangu ina pembe, basi tukapatana ng'ombe wanane, atawachukua mchinjaji wa kambi na kumlipa yeye.

Kwa nini naitaka nitakuambia, sifichi. Kuna mtu wa Ihembe, Gosbert, rika langu, mmoja wa wachache waliobaki, ambaye tangu anunue kigari cha kubebea ndizi miaka mitatu iliyopita, kila Jumapili tukitoka misa ananipita barabarani, halafu anapunguza mwendo na kutoa kichwa dirishani, "Kakuru! Panda nyuma ukae na mikungu!" na watu wanacheka, wanawake pia. Mimi! Mtoto wa mtu aliyempelekea Mukama, mfalme wetu, maziwa asubuhi na jioni.

Sasa sikiliza nilivyoikagua, ujue kwamba humjibu mjinga. Katika kununua ng'ombe sijakosea tangu Wadachi, watu hutoka mbali kuniita niwaangalizie. Nilipofika niliweka kiganja puani mwa motokaa, nikakuta ina joto, nikasema moyoni mnyama wa kuogopa ni yule aliye baridi. Bwana Miwani akasema imepumzika bandani tangu mwaka juzi, haikutumika, na hilo lilinipendeza sana, maana ng'ombe akipumzika hunenepa. Ikaguna mara moja ikawaka, ikatoa moshi mweupe mzito kama ule tunaofukizia zizi jioni, moshi mzuri, siyo ule mweusi wa malori. Tukazunguka kambi mara mbili, tuliporudi akaitilia maji, ikanywa nusu debe, tukazunguka tena, ikanywa tena. Mwanangu Pastory akakunja uso.

"Baba, mbona inakunywa hivi?"

"Kwa kuwa wewe umekulia kwenye mizani ya kahawa hujui kitu," nikamwambia. "Ng'ombe anayekunywa sana ndiye anayekamuliwa sana."

Mwisho nikataka kuona ndani, akafungua kifuniko pale wanapomimina oili, na chini ya kile kifuniko nikakuta, waitu, malai! Meupe, mazito, sawasawa na yale yanayobaki mdomoni mwa kibuyu maziwa yakishasukwa. Nikayachota kwa kidole, nikayasugua, yakateleza. Motokaa nyingine nimeziona, oili yake nyeusi kama lami, lakini hii ndani ina siagi. Hata Gosbert, ambaye ndiye aliyetupeleka Kyerwa kwa kigari chake, na safari hiyo nilikaa mbele, alisogea akayatazama yale malai kwa muda, akanipiga begani, akasema, "Nunua, Kakuru. Nunua kabla hajaja mwingine." Adui akikusifia mali, mali ni nzuri.

Pastory hakunyamaza. "Baba, acha fundi aione kwanza. Nimlete Rwezaura kutoka Bukoba, siku moja tu."

"Umeniona lini nikimwita mtu aniangalizie ng'ombe?"

"Hii siyo ng'ombe, Baba."

Nikampa Bwana Miwani mkono palepale ili kijana aone mambo yanavyomalizwa. Ng'ombe wanapelekwa Jumamosi tarehe ishirini na sita.

Basi shida ikaanza nyumbani. Mke wangu Eugenia alikuwa anakamua, nikamwambia, akauliza ni wanane gani, na mchinjaji alikwisha kuja kuchagua yeye akiwa shambani, akachagua walionona, na walionona ni wale. Nikamtajia. Akaweka kibuyu chini.

"Baba Pastory, umewahesabu tu, au umewaita na majina?"

Nikasema ng'ombe ni ng'ombe. Tangu siku hiyo ninapata "ndiyo" na "hapana" tu, na chakula kinaletwa na mkono usio wake. Mshauri, sikatai, hao wanane ni uzao wa jike mmoja, ndiye pekee aliyebaki katika zizi la baba yangu baada ya sotoka, na Eugenia amewakamua tangu alipoletwa kwangu, miaka thelathini, na wengine nilio nao ni wa kununua. Lakini mwanamume akishatoa mkono ametoa.

Ninachoomba si uniambie kama motokaa ni nzima, hilo nimeliona mwenyewe. Naomba uandike maneno machache gazetini, kwamba mzee anayejua ng'ombe anajua na motokaa, Pastory amsomee mama yake, watulie.

Na kwamba sikuongeza neno, muulize Pastory, karani wa kupima kahawa Kanoni, aliyesimama nami mwanzo hadi mwisho. Na muulize Gosbert wa Ihembe, ambaye hanipendi, kwa hiyo hawezi kunisaidia kusema uongo.

Ni mimi Kakuru.


MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Mzee Kakuru. Barua yako nimeipandisha mbele ya barua za walioachwa na wachumba, kwa sababu wao wanaweza kungoja, na tarehe ishirini na sita haingoji. Maneno uliyoomba niyaandike siyaandiki.

Mimi motokaa sizijui, na kwa kuwa sizijui nilifanya jambo ulilokataa wewe: nilikwenda kwa anayezijua. Fundi Rwezaura nilimkuta hapa Bukoba nyuma ya ghala la kahawa, amelala chini ya lori, naona miguu tu. Nikamsomea barua yako hivyohivyo. Nilipofika kwenye maji alisema, "Ehe." Nilipofika kwenye moshi mweupe aliacha kugonga. Nilipofika kwenye malai akajivuta nje mzima mzima.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Akayagusa?"

"Kwa kidole. Akayasugua."

"Na muuzaji amesimama hapo hapo, anatazama?" Akafuta mikono kwa tambara polepole. "Basi mwambie Mzee hakuonyeshwa siagi. Ameonyeshwa ugonjwa."

Sikiliza alivyonieleza. Gari zima halinywi maji. Maji yake yanazunguka ndani ya injini, yale yale, siku nyingi, kazi yake ni kupoza chuma tu. Yakipungua kila baada ya mzunguko wa kambi, yamevuja pasipotakiwa. Mengine yameingia kwenye moto, yakatoka nyuma kuwa moshi wako mzuri mweupe. Mengine yameingia kwenye oili, na injini ikayasuka pamoja, kama mkeo anavyosuka maziwa, ndipo ukapata malai. Oili ya namna hiyo hailindi chuma. Chuma kinakula chuma mpaka siku gari linasimama katikati ya mlima na haliondoki tena. Malai peke yake, anasema, yangeweza kuwa unyevu tu wa gari lililolala bandani. Lakini malai na kiu na moshi kwa pamoja, hapana. Huenda ni gasketi tu iliyoungua, ile ya kuziba kati ya vyuma, kazi ya siku mbili. Huenda kichwa cha injini kimepasuka, na kichwa cha gari la namna hiyo hakipatikani Bukoba wala Mwanza. Ni lipi kati ya hayo, hasemi mpaka afungue.

Na lile joto ulilolipenda: gari waliliwasha kabla hujafika, ili likuwakie kwa mguno mmoja. Na kule kupumzika: gari halinenepi, Mzee. Likilala miaka miwili mipira inakauka, panya wanatafuna nyaya, kutu inaingia pasipoonekana. Ng'ombe hujitengeneza akipumzika. Chuma hakina tabia hiyo.

Sasa nikukemee kidogo, na umri wako unisamehe. Macho yako ni mazuri. Rwezaura mwenyewe amesema wanafunzi wake huacha dalili mbili kati ya tatu, wewe hukuacha hata moja. Uliziona zote, ukazipa maana ya zizini, kwa sababu kuuliza kungekuonyesha mdogo mbele ya mwanao. Watu wanaotoka mbali kukuita uwaangalizie ng'ombe, je, wewe huwaona wajinga? Huwaona wana akili. Basi Pastory alipotaka kumwita mwenye kujua, alifanya wanayofanya wenye akili wote wa Karagwe wanapokuja kwako.

Gosbert naye usimwite shahidi wa mali. Mtu aliyeendesha gari miaka mitatu anayajua malai yale. Hakukusifia kitu. Alikuwa anajinunulia kicheko cha uzee wake, kwa ng'ombe wako.

Bwana Miwani simwiti mwizi. Sikuwapo, na siijui roho yake. Ila ninajua kwamba kwenu ng'ombe akionekana ana kasoro ambayo mwenyewe hakuitaja, hurudishwa hata baada ya kupeana mkono, na hakuna anayemwita mrudishaji mwongo. Mkono ulioutoa ulitolewa kwa gari zima. Kama si zima, mkono huo haujafungwa na chochote.

Nimefika kwa mkeo. Neno la mchinjaji umelipitisha nyuma ya maelezo ya turubai na spoki kama mtu anayepitisha mkono mfukoni mwa mwenzake. Hao ng'ombe hawahami zizi, Mzee. Wanakufa siku hiyohiyo. Uzao uliopona sotoka, ambayo wewe mwenyewe unajisifu kuipita, utaisha kwa kisu ili ukae kiti cha ngozi nyekundu mbele ya kanisa. Mama Eugenia alikuuliza swali moja, nawe hukulijibu. Leo jioni nenda zizini akiwa anakamua, usimame, uwaite wote wanane kwa majina, mmoja mmoja, yeye akisikia. Usimwombe chakula kabla ya hapo.

Kisha fanya hivi. Mpelekee Bwana Miwani habari kwamba hakuna mguu wa ng'ombe utakaovuka kwenda Kyerwa mpaka fundi wako atazame. Rwezaura amekubali kupanda lori la kahawa Jumatatu tarehe ishirini na moja, mpokeeni. Nendeni kambini alfajiri, siku ambayo hamkumtajia. Weka kiganja chako pale pale ulipokiweka, na ukikuta joto, rudini nyumbani mwende tena kesho yake. Likiwa baridi, liwashwe mbele yenu. Lijazwe maji mpaka juu, lipande mlima wa kwenda Bweranyange, siyo kuzunguka kambi kwenye tambarare, halafu lifunguliwe maji yatazamwe tena. Rwezaura atoe oili kidogo chini, siyo juu, maana maji hukaa chini ya oili, aimimine kwenye sahani nyeupe. Na mlimani mtazame tumbo lake, maana gari linalolala chini kama unavyolisifu, kwenye barabara yenu yenye majani katikati, litajikuna kwenye mawe hadi nyumbani, na masika sijui nani atalisukuma.

Likishinda hayo yote, linunue, mimi sina wivu. Ila lipia kwa ng'ombe wa kununua, na mwenye kuchagua awe Eugenia, asiwe mchinjaji.

Pastory umwambie kwa kinywa chako kwamba alikuwa na haki. Neno hilo litakukwama kidogo kooni, lakini umekwisha kumeza makubwa zaidi katika miaka sabini na minne.

Na kama Bwana Miwani atakuharakisha, akisema yuko mnunuzi mwingine anayekuja kesho, usitetemeke. Ng'ombe wanane wakishachinjwa hawarudi zizini hata ukijuta namna gani. Mwambie asubiri. Gari hilo halina pa kwenda.