Koti la Kazi la Fundi wa Gisozi

Mdogo wangu Rashidi,

Shikamoo yako ilinifikia kwenye simu, marahaba. Huku Kigali mvua inapiga mabati ya karakana za Gisozi, na mimi naogopa.

Kazi yangu unaijua: nakwangua seli mashavuni mwa mafundi seremala kama wewe, niangalie kwa hadubini kama vanishi na thina vinavunja vinasaba vyao. Seli iliyoumia huonyesha kipande cha kiini kilichomeguka, na saratani inaweza kuanzia hapo. Ili nipate mtu safi wa kulinganisha naye, nilimchukua Klodina, mke wa fundi mmoja, ambaye hata brashi hashiki. Jana nikakuta seli zake zimemeguka kama za mumewe.

Leo mchana ametuletea ugali na isombe, kisamvu cha huku. Mumewe akanawa kwa thina, kama unavyofanya wewe, akajifutia koti lake la kazi. Klodina akalitupia begani akalifue nyumbani, na mtoto aliyembeba mgongoni akaanza kunyonya mkono wa koti.

"Dada, sampuli yangu iko sawa?" akaniuliza.

Nikautoa ule mkono mdomoni mwa mtoto, nikasema bado napima.

Kipimo kimoja si hukumu, najua. Lakini nakusihi, koti livulie nje, unawe kwa sabuni, na wifi asilifue tena pamoja na nguo za watoto. Jioni wakikukimbilia mlangoni, wewe wakimbie kwanza.

Dada yako anayekupenda,
Zuhura