Baba, Niliandika Kwamba Njia Ipo

Shikamoo Baba,

Nakuandikia nikiwa masjala. Mlango nimeufunga, wenzangu wameenda kula. Saa nane mkuu wangu ananitaka ofisini kwake, na sasa ni saa saba na dakika kumi. Naandika haraka, kwa hiyo usiucheke mwandiko wangu, wewe uliyekuwa ukiwaonyesha wateja madaftari yangu huku umeshika kiatu cha mtu.

Nimefanya kosa, Baba. Na kosa lenyewe linakuhusu.

Kuna jengo jipya la wagonjwa wa nje. Watu wameshaanza kutibiwa humo, ingawa makabidhiano rasmi ni kesho. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu ya ukaguzi, na kuna mstari unaouliza: njia ya mteremko kwa watu wenye ulemavu, ipo au haipo? Wiki iliyopita nilisimama pale getini, upepo unanipiga, nikaiona. Ya zege, kingo zimepakwa rangi ya njano. Nikatia alama ya vema kwenye "ipo", nikasaini. Mimi, niliyekua nikijigonga kila asubuhi kwenye baiskeli yako ya magurudumu matatu pale mlangoni. Sikuipanda ile njia hata hatua moja.

Baiskeli tulimpa Mama Fides wa Kasense, siku ya kugawa vitu vyako baada ya msiba. Shangazi alisema wewe mwenyewe ungemchagua, maana ndiye aliyekuwa akija kwenye kibanda chako cha kushona viatu kubishana nawe na kuondoka ameshinda. Ijumaa alikwenda kwenye lile jengo kuchukua dawa zake za presha. Akanyonga kwa mikono hadi katikati ya njia, gurudumu la mbele likakosa mshiko, baiskeli ikarudi nyuma naye akiwa juu yake mpaka ikagonga ukuta. Jumapili nilimkuta nje ya kanisa, kiwiko kimefungwa bandeji. Nilimwamkia. Badala ya kuitikia akaniuliza, "Skola, ile njia aliipitisha nani?"

Nikaitazama bandeji. Akacheka, unamjua. "Ile ni ya mbuzi, mwanangu. Tena mbuzi ambaye hajala."

Afadhali angenitukana.

Mchana ule ule nilichukua tepu yako ya kupimia nikaenda. Kutoka chini hadi mlangoni ni sentimita sitini. Urefu wa njia, mita mbili na nusu. Mwongozo upo hapa kabatini, mimi ndiye niliyeuandikia namba ya jalada: kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Ilipaswa kuzidi mita saba. Lakini mita saba zingefika pale gari la ofisi linapoegeshwa. Wewe hukuhitaji mwongozo. Ulikuwa ukilitazama jengo kidogo tu, unasema, "Hapa mabega yanakataa," tunageuza.

Leo asubuhi nilimweleza mkuu. Hakupaza sauti. Alisema, "Skolastika, fomu imeuliza ipo au haipo. Haikuuliza mwinuko." Kisha, macho yake yakiwa kwenye simu, "Na wewe bado hujathibitishwa kazini, sivyo?"

Nikasema ndiyo, bosi. Nikatoka.

Nilikaa na ile fomu muda mrefu. Halafu nikaikata ile alama kwa mstari mmoja, kama tunavyofundishwa, bila kufuta. Pembeni nikaandika vipimo, na kwamba mtu hawezi kupanda bila kusukumwa. Nikasaini tena. Nikaliacha jalada mezani kwake wakati hayupo, kama mwizi. Sijala. Muda si mrefu uliopita mhudumu wa ofisi alikuja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada Skola, bosi anakutaka saa nane. Ameomba fomu nyingine, tupu. Kuna nini?"

Kwa hiyo najua kinachonisubiri kule, Baba. Fomu tupu na kalamu.

Kuna jingine, sijawahi kumwambia mtu. Siku yangu ya kwanza kazini ulikuja. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kukata vidole. Niliangalia dirishani nikakuona chini ya zile ngazi tano za ofisi yetu, umevaa shati jeupe, unavaa kandambili mikononi ili upande. Wenzangu walikuwa wameanza kusogea dirishani. Nikakimbia chini. Nikakwambia, "Baba, tuna kikao, hutaweza kuingia." Ulinitazama. Ukavua kandambili, ukazipangusa moja kwa nyingine, ukasema, "Haya mama, kazi njema."

Hakukuwa na kikao.

Hukurudi tena. Miezi yote iliyobaki ulikuwa ukiniuliza jioni meza yangu ni ya mbao gani, ina droo ngapi, dirisha liko upande gani. Ukifikiri sioni kwa nini unauliza. Ni ya mninga, Baba. Droo mbili, ya chini haifungi. Dirisha linatazama ngazi.

Naogopa. Sitakudanganya mara ya pili. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na Mama anajivuna sokoni kwamba ana mtoto serikalini. Nikirudi nyumbani na barua ya kuachishwa, sijui nitaanzaje kumweleza. Lakini nikijaza ile fomu tupu, nitakuwa nimekuzuia chini ya ngazi zile tena, kwa mkono wangu, na safari hii hutasema haya mama.

Saa nane kasoro dakika tano. Nasikia wenzangu wanarudi koridoni, wanacheka.

Nakuahidi: fomu ile sitaijaza "ipo". Akitaka nijaze upya nitaandika vipimo vile vile. Na siku njia ile itakaporefushwa, nikiwa bado mtumishi au la, nitakwenda na Mama Fides. Nitatembea nyuma yake, mikono nimeifunga mgongoni, maana ulichukia kusukumwa kabla hujaomba. Nitasikiliza magurudumu mpaka afike mlangoni.

Pumzika, Baba. Kandambili zako sikumpa mtu, ziko droo ya chini.

Naenda. Leo kikao kipo kweli.

Binti yako,
Skola