Mzingile wa Dakika Tano

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mugo ameniuliza tena kama nitaolewa naye. Mara ya tatu! Nimemwambia jibu liko katikati ya mzingile wangu, aingie alitafute. Ni kwenye ile gemu ya matofali tunayocheza wote wawili, yeye akiwa kwake Theta, mimi huku Ruiru. Sikujenga kwa mkono — ningezeeka. Nimeandika programu fupi: nikibonyeza, kuta zinajipanga zenyewe, vichochoro arobaini kwa arobaini, kila mara kivingine. Katikati chumba, na ndani yake kibao: NDIYO. Kuvunja ukuta nimezuia. Kuruka juu pia, hata kwangu mwenyewe. Haki ni haki.

Mugo huuza ploti. Alicheka tu. "Naliaka, hiyo ni dakika tano."

Ploti zake zote ni dakika tano kutoka lami. Nilishazitembea dakika hizo, mwezi wa nne, matope, na viatu vya kanisani.

Alhamisi, 8 Mei

Bado yumo. Ameshika ukuta wa kulia, hauachi. Amerudi langoni mara nne. Nikimpigia: "Nimekaribia, dakika tano." Nafurahi kuliko inavyonifaa.

Jumapili, 11 Mei

Siku mbili hajaingia! Eti anawaonyesha wateja ploti. Perez, ninayekaa naye, anasema mwanamume anayetaka hapotei. Hasira zikanipanda. Nikafuta NDIYO kwenye programu, nikaandika HAPANA, nikabonyeza. Kuta mpya, kibao kipya. Nikaenda kufua.

Jumatano, 14 Mei

Aibu! Leo nimeitazama ramani ya ule mzingile wa kwanza. Chumba hakikuwa na mlango. Kosa langu — programu inaacha mlango ikipenda. Maskini alizunguka nyumba isiyoingilika, hata hakulalamika. Anayeuza ploti ni yeye, lakini aliyeuza hewa ni mimi.

Na leo amerudi ndani tangu asubuhi. Anasema vichochoro ni kama vimebadilika, labda ni kichwa chake. Sasa hivi amepiga simu: ameona mlango, dakika tano. Nimeangalia ramani mpya. Dakika mbili! Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza amezidisha.

Nikibonyeza upya, atajikuta langoni tena. Siwezi kumfanyia hivyo mara ya pili. Nimeingia kwa miguu, nikakibadilishe kibao kwa mkono. Ramani ninayo, na kona ya tatu nimepotea. Mimi, mwenye mzingile! Nimeshika ukuta wa kulia kama yeye. Naandika hapa nisilie.

Simu tena. Ameingia chumbani. "Kuna kibao hapa, kimenipa mgongo. Nizunguke nisome?"

Nimemwambia ngoja! Usisome, nakuja.

"Sawa. Uko mbali?"

Nikajisikia nikisema: dakika tano tu.